Mdomo wa Mzee Masanja na Mguu Wake

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari langu la zamani, lile lenye jalada la buluu lililotafunwa na mende pembeni. Naiamini hiyo saa, maana siku zile nilikuwa nautazama ukuta kuliko kumtazama mtu usoni, na saa ilikuwa ukutani. Ndipo Mzee Masanja alipoingia akichechemea, fimbo mkononi, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili umezungushiwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani.

Vijana mnaosomea meno, na ninyi mnaopangiwa zahanati za mbali huku mkinung'unika, nawaandikia ninyi. Mimi nimeshastaafu. Meno niliyong'oa yangejaza debe. Lakini siku nikikaa barazani, macho yamefumba nusu, usingizi haujaja wala haujakataa kuja, simwoni mtu mwingine. Namwona mzee huyo, na nausikia mluzi wake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, mwenye aibu ya kupindukia. Nilizaliwa Mikumi, kando ya barabara kuu, ila kazi niliipata Kilosa, kwenye chumba kimoja cha meno nyuma ya zahanati ndogo ya misheni ambayo siku hizi haipo tena. Asubuhi ukungu wa mto Mkondoa ulipanda mpaka dirishani, ukakaa pale kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Tulikuwa na kiti kimoja cha chuma, mashine ya kutobolea meno ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na sufuria ya kuchemshia vyombo juu ya jiko la mafuta ya taa.

Mkubwa wangu alikuwa Mama Damari, mtu wa Mamboya, binti wa mwalimu wa shule ya misheni, mfupi, mwenye mikono kama ya fundi seremala. Vyombo vikichemka aliimba wimbo wa kanisani wenye beti saba. Aliuimba mara tatu mfululizo, wala hakuruka ubeti. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Ukigusa koleo kabla hajamaliza mara ya tatu alikupiga vidole na kijiko cha mbao, halafu anaendelea na ubeti pale pale alipoachia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jino halivutwi. Jino linashawishiwa. Unakibana kichwa cha mgonjwa kwenye mbavu zako, vidole vya mkono wa kushoto vinashika mfupa wa taya, koleo linashuka kwanza, linashuka mpaka uone haya kulisukuma zaidi, ndipo unaanza kuliyumbisha polepole, nje, ndani, nje. Ukiwa na haraka linakatika, na mzizi ukibaki ndani utajutia mpaka jioni.

Na sindano ya ganzi, subirini! Mara yangu ya kwanza kwenda kliniki ya Mikumi, tuliyokuwa tukiifanya mara moja kwa mwezi kwa gari la misheni kupitia kijiji cha Ulaya, majirani zetu wote walikuja kuchungulia. Aibu ikanipanda. Nikamchoma dereva mmoja wa lori ganzi, na papo hapo nikaingiza koleo. Akaniuma kidole. Kovu hili hapa mpaka leo.

"Samahani, sista," akasema huku macho yamemtoka. "Siyo mimi, ni mdomo umejiamulia."

Mama Damari alicheka mpaka akakaa chini.

Basi, turudi kwenye ile Jumatatu. Nanukuu daftari, na msinicheke.

"Leo amekuja mzee mfugaji kutoka Msowero. Jino la chini, kulia. Mdomo wake, Mungu nisamehe, unanuka kama kitu kilichosahauliwa ndani ya maji. Nimejifanya napiga chafya ili nigeuze uso. Fizi za mbele ukizibonyeza zinatoa usaha. Sikusema kitu. Ningesemaje? Nilikuwa nimetoka kumwamkia sasa hivi tu."

Hilo ndilo kosa langu. Kwa watu wa kwingine huenda lisingekuwa kosa kabisa, wangesema tu na kuendelea. Sisi tumelelewa vingine. Nimempa mzee shikamoo yangu, amenipa marahaba yake, halafu katika pumzi hiyo hiyo nimwambie mdomo wake unanuka? Nililing'oa lile jino lililokuwa likimuuma, nikampa pamba aing'ate, nikaandika kwenye kitabu cha wagonjwa: jino moja.

Baada ya wiki mbili akarudi. Jino jingine. Mdomo ule ule, usaha ule ule. Safari hii aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, maana familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Nikasikia raha kuitwa mama na mzee, aibu yangu ikazidi. Nikaandika: jino moja.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali imeachia biashara. Maduka ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu yalijaa ghafla, kama mtu amefungua bomba. Pipi za rangi, biskuti, soda, sukari bila foleni. Kwetu Mikumi watoto walitembea shavu moja limevimba kwa pipi, baada ya miezi shavu lile lile limevimba kwa jipu. Dawa ya meno nayo ilirudi madukani, na kila mtu akaamini kwamba dawa ndiyo inayosafisha. Hapana. Kinachosafisha ni mswaki, na mkono wako usio na haraka. Mswaki wa mti unatosha, ukiutafuna ncha mpaka iwe laini kama brashi, ukausugua pale jino linapoingia kwenye fizi. Pale ndipo ukoga, ule utando wa meno, unapojengeka. Watu wanasugua katikati ya jino, panapoonekana wakicheka, na wanaacha mlangoni.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano. Mzee Masanja alikaa kitini, akatema, akajifuta mdomo, akasema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Mayu, leo fanya haraka. Keshokutwa napelekwa Morogoro. Mguu wanaukata."

Koleo likabaki mkononi mwangu.

Kidonda chake, alichokipata kwa mwiba tu, kilikuwa na miezi mingi. Tabibu wetu alimpa vidonge vya ugonjwa wa sukari, alikiosha kidonda, alimkataza chai ya vijiko vinne. Alipima sukari kwenye mkojo kwa ile dawa ya buluu, inayochemshwa pamoja na mkojo kwenye kijichupa juu ya moto. Ikibaki buluu, shukuru. Ikiwa kijani, angalia. Mkojo wa Mzee Masanja kila mara uliigeuza rangi ya tofali. Mzee aliapa kwamba vidonge anameza, tabibu akaona anadanganya, wakawa wamenuniana.

Mama Damari alikuwa akiimba ubeti wa tano. Alinyamaza. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, ndiyo mara pekee niliyosikia wimbo ule ukikatwa. Akafungua kitabu cha wagonjwa, akaiona mistari yangu mitatu kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Jino moja. Jino moja. Ya leo nilikuwa nimeshaiandika kabla hata ya kung'oa. Akamwomba mzee afungue mdomo, akabonyeza fizi kwa kidole gumba. Akaufunga ule mdomo taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, akaniita nje kwenye pipa la maji.

"Usaha huu umeuona leo?"

"Ndiyo, mama."

"Na siku ya kwanza?"

Nikatazama maji.

"Nakuuliza wewe, sikuulizi pipa."

"Niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwonea aibu, mama. Ni mzee. Ningemwambiaje kwamba ananuka?"

Akacheka, cheko lisilo na furaha. "Kwa hiyo ulimheshimu. Umemheshimu mpaka mguu unaondoka."

Nililia. Akaniacha nilie, akanawa mikono, halafu akanieleza yale ambayo ninyi leo mnafundishwa darasani kwa picha za rangi. Kwamba mdomo siyo chumba kilichojengwa peke yake uani. Fizi zilizooza ni kidonda, ukizikusanya zote zinakuwa kidonda cha ukubwa wa kiganja, na mtu anatembea nacho asikione. Kila akitafuna, vijidudu vinaingia kwenye damu. Mwili unapigana navyo mchana na usiku, na mwili unaopigana hauishushi sukari hata uupe vidonge. Sukari nayo ikipanda inazidi kuoza fizi, na inazuia kidonda cha mguuni kufunga. Yule mzee hakuwa mwongo. Vidonge alikuwa anameza.

"Naenda kwa tabibu kuomba siku chache kabla hawajaukata mguu," akasema. "Wewe ingia umwambie. Siyo mimi. Wewe."

Nilirudi ndani. Mzee Masanja alikuwa anatazama dari. Mara macho yangu yakaangukia mlango wa chumba cha pili, kwenye hadubini ya kutazamia malaria, na nikafikiri labda kile chombo kina ulimi kuliko mimi. Nikakwangua ukoga kidogo kwenye jino lake la mbele, nikauchanganya na tone la mate yake juu ya kioo, nikakiweka chini ya hadubini.

"Baba, naomba utazame hapa. Fumba jicho moja."

Alitazama muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua limeingia kwa kimo cha stuli.

"Hawa ni nani?" akauliza.

"Ni wa kwako, baba."

"Wa kwangu?"

"Wametoka mdomoni mwako sasa hivi."

Hakuinua kichwa. Mtu wa ng'ombe hakurupuki akiona kundi, anatazama kwanza linaelekea wapi. "Mbona wengi hivi? Hawa warefu wanaojipinda wanakwenda wapi? Mayu, hawa hawana mchungaji."

"Hawana, baba."

"Maji wanakunywa wapi?"

"Kwenye damu," nikasema, na sauti yangu ilinishangaza. "Ukitafuna, wengine wanavuka. Mwili unapigana nao kutwa, ndiyo maana sukari haishuki, na mguu haufungi. Na mdomo... mdomo unanuka, baba. Nisamehe. Ningekwambia tangu siku ya kwanza."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Jicho moja bado limefumba.

"Najua unanuka," akasema. "Mke wangu amenigeuzia mgongo tangu mvua za mwaka jana. Nilikuwa nangoja mtu wa hospitali aniambie kwamba ni ugonjwa. Wewe ukawa unapiga chafya tu."

Vijana wangu, nimeambiwa maneno mengi katika kazi hii, na hakuna lililonikaa kama hilo.

Tabibu alikuja akaupima mguu. Unyayo ulikuwa bado una joto, ubovu ulikuwa kwenye kidole kidogo. Akakubali wiki mbili, kidonda kioshwe kila siku, na weusi ukipanda hata kidogo gari linaondoka saa hiyo hiyo. Mzee angelala kwa ndugu yake pale Kilosa. Yote yakaelekea vizuri mpaka Mama Damari aliposema meno gani yanatoka: manne ya nyuma yaliyokwisha, na mawili ya mbele, juu, yanayocheza kama mlango mbovu.

"Ya mbele hapana," mzee akasema.

"Ya mbele ndiyo yenye usaha zaidi, baba."

"Nimesema hapana. Ng'ombe wangu hawajui jina langu. Wanajua mluzi." Na papo hapo, kabla hatujamzuia, akapiga. Sijui niwaelezeje. Ulianza chini, ukapanda, ukavunjika katikati kama maji yanayoruka jiwe, ukaenda zake. Mbuzi wa jirani akaja mpaka mlangoni akasimama.

"Malishoni tunachanganyikana makundi matano," akasema. "Nikipiga huu, wa kwangu wanatoka wenyewe. Mkiyatoa haya, mimi ni nani?"

Mama Damari akafuta koleo. "Mluzi mzuri. Sasa utafika nao wapi kwa mguu mmoja?"

Mzee akaishika fimbo yake. Akaomba kutoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameegemea fimbo, uso ameuelekeza kaskazini, Msowero iliko. Akapiga mluzi ule mara moja tu, mrefu, mpaka pumzi ikaisha. Akangoja kidogo, kama vile utajibiwa. Halafu akarudi, akakaa kitini, akafungua mdomo.

Daftari linasema: "Leo mzee ameuaga mluzi wake. Mimi ndiye niliyeshika kichwa."

Ndoto ya usiku ule ninayo bado. Kundi jeupe linavuka Mkondoa, halina kengele, halina sauti, linaingia kwenye pango lenye kuta nyekundu zinazopumua. Mimi nimesimama mlangoni na fimbo ya mzee, nataka kuita, na sina mluzi.

Siku zilizofuata tulikwangua ukoga sehemu kwa sehemu, leo juu kulia, kesho chini. Ulitoka vipande kama changarawe za mtoni. Alisukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na mswaki nilimfundisha mwenyewe, nikishika mkono wake mkubwa uliozoea kamba. Fizi zilizokuwa za zambarau zikaanza kuwa za waridi. Na ile dawa ya buluu! Siku ya tano ikatoka rangi ya chungwa badala ya tofali. Kisha njano. Asubuhi moja tabibu akaja ameshika kijichupa juu ya kichwa chake kama mtu aliyeokota kitu, na kilikuwa kijani, kijani cha majani machanga. Akamwomba mzee radhi kwa kumwita mwongo. Mzee akamjibu, bila meno ya mbele, kwamba anasamehe ila chai bila sukari hasamehi.

Sisemi meno ndiyo yaliyoponya mguu. Msiende kuwaambia watu hivyo, mtawaponza. Ni vidonge, ni kuosha kidonda, ni chai ile chungu, na ni fizi, vyote pamoja. Kidole kidogo kilikatwa Morogoro. Mguu ulibaki.

Miezi ikapita. Alhamisi moja gari la chanjo lilikuwa linakwenda Msowero, Mama Damari akanisukuma ndani. "Nenda ukaone kazi yako inavyotembea."

Tulimkuta Mzee Masanja jioni ukingoni mwa malisho. Makundi yalikuwa yamechanganyikana, vumbi la dhahabu limening'inia, migongo inaonekana kama inaelea. Mkewe alikuwa amesimama karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo nililiona nikalitunza. Tangu arudi, wanawe ndio waliokuwa wakienda na ng'ombe. Siku ile alitaka kuwaita mwenyewe.

Akakunja midomo, akavuta pumzi. Fyuuu. Upepo mtupu.

Ng'ombe wachache waliinua vichwa, wakainama tena. Akajaribu kwa vidole viwili. Fyuuu. Mtu fulani nyuma yetu alicheka, mkewe akamgeukia na jicho likamnyamazisha. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Nilifikiri, tumemwachia mguu, tumemnyang'anya jina.

Mzee alitukana kwa Kisukuma, neno fupi. Akageuka kwa hasira akaanza kuondoka zake kuelekea nyumbani, hatua mbili na fimbo, hatua mbili na fimbo, na pale kilipokosekana kidole mguu ukiburuta kidogo vumbini.

Ng'ombe mmoja mwekundu akatoka kwenye lile kundi kubwa. Akafuatwa na mwingine. Halafu walikuwa wengi, wanajipenyeza kati ya ng'ombe wa wengine, wanapanga mstari, kimya, nyuma ya ile hatua mbili na fimbo. Mzee hakujua mpaka pua yenye unyevu ilipomgusa mgongoni. Akasimama. Akatazama miguu yake kwa muda mrefu, kama alivyotazama siku ile kwenye hadubini.

"Usijisifu, mayu," akaniambia. "Mluzi wangu ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri sana, baba."

Tulirudi Kilosa usiku ule ule. Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akafungua mdomo. Harufu ikanifikia. Sikupiga chafya, wala sikuitazama saa. Nilivuta stuli nikakaa mbele yake, macho yangu kwenye macho yake.

"Baba," nikamwambia, "fizi zako zina usaha, na mdomo unanuka kwa sababu hiyo. Tutautibu. Lakini kwanza naomba uvue viatu, niione miguu."